Alama ya Thelathini na Tisa

Ziko mia moja ishirini na nane,
nami nimepewa muda wa kumi na mbili.
Jedwali la ASCII nimelibandika ukutani
kati ya kalenda ya duka la vipuri la Baghozi
na feni iliyosusa tangu Ijumaa.
Ganjoni, ghorofa ya pili. Jasho lanidondoka
hadi kwenye kitufe cha nafasi,
na nafasi yenyewe ni alama, ya thelathini na mbili,
kitu kisichoonekana ila huhesabiwa.
Naiandika ya kwanza.

"Si uzijaribu zote," asema Shafii, "mashine haichoki."
Mashine haichoki, kweli.
Lakini jina la mtu si herufi moja.
Zipange mbili mbili: elfu kumi na sita na ushei.
Tatu tatu: milioni mbili zapita,
na zahanati ya Kisauni yafungua Jumatatu saa mbili,
foleni haingoji hesabu zangu.

Basi nachagua.
Natwaa A, natwaa Z, walinzi wa milango miwili;
walio katikati nawaacha walale.
Mambo huharibikia mipakani.
Kwa hiyo namtaka jirani wa sufuri, mshazari,
ambao wengine huuita mkwaju,
mkwaju usio kivuli wala ukwaju.
Naitaka nukta pacha, mlango wa pili baada ya tisa.
Naitaka @, iliyosimama kizingitini mwa A
kama mgeni asiyejua avue viatu au aingie navyo.

Ya saba ni kengele. Zamani, wasema, ililia kweli.
Sasa haina sauti, lakini nani ajuaye
kilicholala ndani ya faili kuukuu? Naitia.
Asilimia, naitia.
Ile tupu kabisa, ya kabla ya moja, naitia.
Ya mwisho kazi yake ni kufuta; naitia
huku nikiangalia kama nimehifadhi.

Q sikuikusudia. Kiswahili hakina kazi nayo,
na kwa kanuni yangu mwenyewe ingelala na wenziwe.
Lakini Qamaria wa mapokezi ndiye aniletaye chai.

Kumi na moja.

"Ya mwisho tia kinyota," asema Shafii,
"wateja hupenda kuona kinyota."

Mimi namwona Bi Mbodze Mwang'ombe
mbele ya kaunta, mwaka jana, mjukuu mgongoni ana homa,
na mfumo wa wale waliotutangulia
ukapokea *Mwang*, kisha kioo kikawa cheupe pe.
Mara tatu. Karani akamwambia:
"Mama, tuandike bila kile kialama."
Wakaandika *Mwangombe*. Wakamwita hivyo hivyo,
g nzito kama jiwe la kusagia.
Hakuinuka.
Wakamwita tena.
"Huyo muliyemwandika simjui," akasema.
"Mtibuni yeye basi."

Nilikuwa nimekwenda kutengeneza printa.
Nilicheka, pamoja na wengine.

Ritifaa. Ya thelathini na tisa.
Kwa anayeandika programu ni komeo: hufunga maneno.
Mashine ikiiona hudhani sentensi imekwisha,
kumbe jina ndio kwanza linapita puani,
pale pembamba, ambapo ng'ombe huanzia
na ng'ambo, na kung'aa, na kung'ang'ania.

Nikakifuta kinyota cha Shafii.

Saa tatu usiku majibu yakaanza kushuka:
kijani, kijani, hata kengele kijani,
Q kijani, chai imelipwa.
Ya kumi na mbili ikakaa. Ikakaa.
Nyekundu.

Shafii alikuwa keshavaa mkoba begani.
Akasoma mstari ule, akausoma tena,
akautua mkoba sakafuni.
"Lete hilo jina," akasema, akavuta kiti.
Nikaliandika pole pole, kwa kidole kimoja,
lote.